Picha za kale zafichua siri za uwanja wa Wilson

Msomaji mpenzi, ukiabiri matatu ya 125 au 126 kutoka katikati ya jiji kuelekea Ongata Rongai, ukishaupita uwanja wa michezo wa Nyayo na mtaa wa Nairobi West, hebu tupa jicho upande wako wa kushoto. Utaona ua mrefu, na nyuma yake mikia ya ndege ndogo ndogo imejipanga kama bodaboda zinazongojea abiria. Pengine umeizoea hata huitazami tena. Huo ndio uwanja wa Wilson, mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi barani Afrika ukihesabu ndege zinazopaa na kutua, ijapokuwa njia zake mbili za kurukia ndege zina urefu wa kama kilomita moja na nusu tu kila moja.

Mkazi wa Nairobi ukimtajia uwanja wa ndege, mawazo yake hukimbilia Embakasi. Huko ndiko tulikowasindikiza jamaa zetu wakienda ng'ambo, tukalia, tukapiga picha, tukarudi nyumbani na soda mkononi. Wilson ni mahali pa watu wengine, watalii wa Maasai Mara, wanasiasa na helikopta zao, na madaktari wanaoruka. Hivyo ndivyo nami nilivyodhani, mpaka nilipoanza kuzitafuta picha za kale za uwanja huu.

Nilizitafuta kote. Nilianzia Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya iliyosimamishwa 2011. Nikapekua vitabu vikuukuu katika vibanda vya mtaani ambako mwuzaji hukutajia bei kwa kuangalia viatu vyako kwanza. Nikabisha hodi kwa wazee wenye albamu kabatini. Ukizipanga picha hizo kwa miaka yake, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba nyingi za mwanzo hazikupigwa Wilson. Zilipigwa Dagoretti Corner.

Naam, Dagoretti Corner hiyo hiyo ya Ngong Road unayoijua wewe, penye mafundi wa makochi na vitanda, mahindi ya kuchoma, na makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Katika miaka ya 1920, eneo hilo lilikuwa mbuga ya nyasi, na hapo ndipo walowezi wachache wenye pesa za kuchezea walipofanyia kiwanja chao. Wakati huo ndege ilikuwa mti, waya na kitambaa. Iliyoanza yote iliitwa Miss Kenya, ndege aina ya de Havilland 51 iliyoletwa kwa meli na mlowezi John Carberry, ikaruka hapa nchini mwaka wa 1926, na ndiyo ndege ya kwanza kabisa kusajiliwa Kenya. Ukiiona pichani utacheka. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na rubani ameketi nje kwenye upepo kama mtu aliye ndani ya karai. Usiidharau lakini. Ilirudishwa Uingereza mwaka wa 1965, na hadi leo ingali inaruka katika makumbusho ya Shuttleworth. Ndege ya kwanza ya Kenya iko hai, ila haiko Kenya.

Mchezo huo ulikuwa na gharama yake. Mkewe Carberry, Maia, aliyekuwa rubani hodari, alianguka na ndege Nairobi mwezi Machi 1928 pamoja na mwanafunzi wake, wote wawili wakafa. Miaka mitatu baadaye, Mei 1931, Denys Finch Hatton, yule mpenzi wa Karen Blixen, naye akafa ndege yake ilipoanguka Voi. Kaburi lake liko katika vilima vya Ngong. Waliotazama sinema ya Out of Africa ya mwaka wa 1985 wanaikumbuka ile ndege ya manjano. Wasilolionyeshwa vizuri ni moshi wa Voi.

Uwanja wetu ulipata jina kutokana na mjane. Florence Kerr Wilson alifiwa na mumewe mwishoni mwa miaka ya 1920, na badala ya kurudi kwao, mwaka wa 1929 alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na ndege moja tu aina ya Gipsy Moth. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, yule aliyemwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet aliyekwama katika vinamasi vya Sudan mwaka wa 1931, na ambaye mwaka wa 1934 alishinda mashindano ya kuruka kutoka London hadi Melbourne akiwa na mwenzake, C.W.A. Scott. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kuruka. Mama huyo aliyelelewa Njoro alivuka bahari ya Atlantiki peke yake Septemba 1936, akitoka Uingereza kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni saa zote zile. Alitua kwa pua kwenye matope ya Nova Scotia huko Kanada, akatoka na kidonda kipajini. Hiyo nayo ni picha iliyozunguka dunia nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni hiyo na klabu ya marubani, Aero Club of East Africa iliyoundwa 1927, zilihama Dagoretti na kwenda kwenye uwanda ulio kusini mwa mji. Uwanja mpya ukaitwa Nairobi West. Jina la Wilson ulipewa baadaye sana, mwaka wa 1962. Shika mwaka huo kichwani, msomaji, kwa maana utanisaidia hapo mbele.

Kati ya picha zote za zama hizo, watoto wangu walipenda zile za Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliokuja Kenya mwaka wa 1933 na ndege mbili za kutua majini na nchi kavu. Moja waliipaka milia ya punda milia, ya pili madoa ya twiga. Kitinda mimba wangu aliuliza kama wanyama hawakuzionea wivu. Wawili hao walizunguka bara letu wakipiga sinema kutoka angani, hata kilele cha Mlima Kenya wakakipiga. Picha zao ni nzuri mno, sikatai. Lakini zitazame kwa makini. Pembeni, karibu kila mara, yuko Mwafrika ameshika kamba, au ameegemeza bega bawani, au anatazama tu. Maelezo ya chini yatakutajia ndege, yatakutajia Osa na kofia yake. Huyo wa pembeni hatajwi.

Sasa wacha nikwambie kwa nini jambo hilo linanikera kuliko linavyopaswa kumkera mwandishi wa makala za Jumapili.

Nyumbani kwetu kuna picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama kadi ya Krismasi, pembe moja imeliwa na mende. Ndani yake imo ndege ya mabawa mawili na injini mbili, aina ya Rapide. Mbele yake amesimama Mzungu aliyevaa kaptura, mbwa miguuni pake. Nyuma wamejipanga Waafrika sita wenye ovaroli. Wa tatu kutoka kushoto ni babu yangu mzaa baba, Mkamba wa Machakos, ambaye nina jina lake. Mgongoni mwa picha mtu ameandika kwa wino wa bluu. Ameandika jina la Mzungu, aina ya ndege, neno Nairobi West, na jina la mbwa. Kisha akamalizia kwa kusema wako pamoja na maboi.

Mbwa ana jina. Babu yangu hana.

Babu alifanya kazi gani hasa? Marehemu baba alituambia kila mara kwamba babu alikuwa "mtu wa ndege," basi. Ilinibidi nimwendee shangazi yangu anayeishi Kawangware, aliyepita miaka themanini na ambaye sasa mtoto wa jicho anamwibia mwanga kidogo kidogo. Kwa kuwa nina jina la baba yake, shangazi huniita baba, na ukimsikia akiniagiza, "Baba, nisogezee kigoda," wageni hubaki wameduwaa.

Nilimwekea picha juani, mlangoni. Akaileta karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha. Kisha akaanza kusema kana kwamba alitoka huko jana.

Wakati huo walikaa Kibera, na yeye akiwa msichana wa miaka kumi hivi alitumwa kumpelekea babu chakula kwa miguu, isyo ndani ya mkebe, akikatiza vichakani huku akiimba kwa sauti ili wanyama wamsikie. (Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1946 na inapakana na uwanja huo hadi leo.) Alimkuta babu akimimina petroli. Petroli ililetwa kwa madebe, na haikumiminwa hivi hivi tu. Ilichujwa kwa ngozi laini ili maji yasipenye, kwa maana tone la maji likiingia kwenye injini, ndege hunyamaza angani. Kazi yake ya pili ilikuwa kuzungusha rafadha kwa mikono ili injini ishike moto. Hiyo ilitaka shabaha na miguu myepesi. Unaivuta kwa nguvu kisha unaruka nyuma, kwani ikishika na wewe bado upo, inakukata.

"Wazungu walipaa, baba," akaniambia. "Lakini hakuna aliyepaa kabla baba yangu hajasema petroli ni safi."

Nilimwuliza picha ilipigwa mwaka gani. Shangazi hajui miaka. Basi tukaanza upelelezi, na hapa wanafunzi wa historia wasogee karibu. Maandishi ya nyuma yanasema Nairobi West, kwa hiyo ni kabla ya 1962. Herufi ubavuni mwa ndege zinaanza na VP-K. Hiyo ilikuwa alama ya ndege za Kenya enzi za ukoloni. Za Uganda zilikuwa VP-U na za Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru tukapewa 5Y, Uganda 5X na Tanzania 5H, na ndizo utakazoziona ukichungulia ua wa Wilson leo. Ndege zenyewe za Rapide zilizagaa hapa baada ya vita vikuu vya pili, shirika la East African Airways lilipoanzishwa mwaka wa 1946 na kuanza kazi na ndege za aina hiyo. Tukawa tumebaki na miaka kumi na sita mikononi.

Shangazi ndiye aliyeipunguza. Akaweka kidole juu ya mtu wa kwanza, halafu wa tano. "Hawa wawili walikuwa Wakikuyu. Huyu alinipa sukari. Siku ile ya malori walichukuliwa, hawakurudi kazini."

Siku ya malori. Msomaji aliyesoma historia ya nchi hii ameshaelewa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil, ikawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kambini. Picha yetu, basi, ilipigwa kabla ya siku hiyo. Waliojipanga nyuma ya Mzungu na mbwa wake hawakujipanga tena wote sita.

Nilikaa kimya muda mrefu. Shangazi akaniuliza kama chai imepoa.

Sitaki kukaa sana Embakasi katika makala haya, lakini hapa lazima nipite. Uwanja huo uliofunguliwa mwaka wa 1958 ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau waliokusanywa katika misako ya wakati huo. Miaka michache baadaye wananchi walikuwa wakimiminika huko Jumapili kushangaa ndege kutoka kwenye roshani ya kupungia mikono, maharusi wakienda kupiga picha na mashela yao. Mwaka wa 1959 picha za wanafunzi 81 wa Tom Mboya wakienda kusoma Marekani zikawa fahari ya nchi. Jengo jipya likafunguliwa 1978, na Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti mwaka huo uwanja ukapewa jina lake. Nenda kazitazame picha hizo za roshani, uzitazame na lami iliyo chini.

Turudi Wilson. Ndege kubwa zilipohamia Embakasi, uwanja huu haukufa. Ulibaki na kazi ambazo ndege kubwa haziwezi. Mwaka huo wa kabla, 1957, daktari Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kama AMREF. Picha ninayoipenda zaidi katika hizi ni za Anne Spoerry, daktari aliyejiunga nao miaka ya 1960, mama wa makamo amesimama kando ya ndege aliyoirusha mwenyewe hadi Lamu na Turkana. Watu wa huko walimwita Mama Daktari. Alifariki 1999.

Halafu kuna mambo ambayo hayana picha nzuri ila kila mkazi wa Nairobi anayajua. Misaada ya Sudan na Somalia iliyopitia hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Miraa, je? Miaka na miaka pikapu zilitoka Meru zikikimbia kama zinafukuzwa na shetani ili majani yafike Wilson yakiwa mabichi na kupelekwa Mogadishu. Somalia ilipofunga mlango mwaka wa 2020, wakulima wa Maua walilia hadi ulipofunguliwa tena Julai 2022. Na hapo Wilson ndipo iliporuka helikopta ya polisi tarehe 10 Juni 2012, ikaanguka Kibiku, Ngong, ikiwa na waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Wote sita waliokuwemo walikufa.

Wengi waliojifunza kuruka hapo ni vijana wetu. Irene Koki Mutungi alipata leseni yake ya kwanza Wilson, akajiunga na Kenya Airways miaka ya 1990, na mwaka wa 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787. Kutoka kuzungusha rafadha kwa mikono hadi hapo, ni safari.

Ukilinganisha picha za angani za miaka ya 1950 na za sasa utaona jambo la kutia wasiwasi. Zamani uwanja umezungukwa na nyasi tupu pande zote. Leo South C, Nairobi West na Lang'ata zimeubana kwa magorofa, na ndege hupita juu ya kamba za kuanikia nguo. Nairobi iko juu sana, na Wilson iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kupaa na hupanda polepole, hasa mchana jua likiwa kali. Ghorofa moja la ziada si jambo dogo kwa rubani aliyejaza abiria na mizigo. Anga lenyewe limejaa. Machi 2024 ndege mbili zilizoruka kutoka Wilson ziligongana juu ya mbuga, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Kila baada ya muda utawasikia watu wakisema uwanja huu uhamishwe. Mimi sina shamba huko wala ndege, lakini nikiwasikia huwa nawaza ile kona ya Dagoretti, ambako hakuna hata kibao cha kukwambia kwamba ndege ziliwahi kutua.

Siku ile Kawangware sikuondoka mikono mitupu. Kati ya wale sita, shangazi alinitajia wanne, majina yao na ya baba zao. Wa tano, yule aliyempa sukari, anamjua kwa jina la utani tu. Wa sita uso wake umemezwa na kivuli cha bawa. Nilichukua penseli, si kalamu, nikayaandika majina chini ya ule wino wa bluu, shangazi akinihimiza niandike kwa herufi kubwa ili naye ayaone. Nikamsomea. Akanirekebisha mara mbili. Alipofika kwa babu akaniambia niandike pia kazi yake, nami nikaandika: mchuja petroli.

Kabla sijaaga, akakumbuka kwamba yule mtu wa utani alikuwa na mtoto mdogo aliyezaliwa mwaka huo wa malori, na kwamba aliwahi kusikia kanisani kuwa ana karakana ya vitanda, Ngong Road, pale Dagoretti Corner. Nimetengeneza nakala ya picha katika duka moja la River Road, kubwa kuliko yenyewe, na nimeitia ndani ya bahasha ya kaki. Jumamosi hii nitaanzia kwa mafundi walio karibu na Idara ya Hali ya Hewa, niulize karakana kwa karakana.